Chini ya Mpaka, Risasi Huyeyuka

Mgeni ashukaye katika stesheni kuu ya Geneva, mji wa Uswisi ulio ukingoni mwa ziwa Léman, hana haja ya kuuliza njia mara mbili. Tramu nambari 18 hupita karibu na stesheni hiyo, nayo hubeba usoni jina la kituo chake cha mwisho: CERN. Kwa muda wa dakika ishirini hivi tramu hupita katikati ya maduka na ofisi, kisha maghorofa ya Meyrin wanakoishi wafanyakazi wengi, kisha mashamba huanza kuonekana. Mbele husimama safu ya milima ya Jura, myeusi kwa misitu. Nyuma, siku isiyo na ukungu, huonekana kilele cheupe cha Mont Blanc. Reli hukoma mahali ambapo mpaka wa Ufaransa u mwendo mfupi tu wa miguu.

Mpaka wenyewe haumtishi mtu. Tangu Uswisi ilipojiunga, mwishoni mwa mwaka 2008, na mapatano ya Ulaya ya kufungua mipaka, mpita njia aghalabu hupita kibanda cha forodha pasipo kuonyesha hati yoyote. Maelfu ya watu hulala Ufaransa na kufanya kazi Uswisi, kwa kuwa upande huu mishahara ni minono na upande ule kodi za nyumba ni nafuu. Jumamosi wakazi wa Geneva nao huvuka na vikapu vyao kwenda kununua nyama na jibini, na katika mikoba ya akina mama faranga za Uswisi hukaa pamoja na fedha za euro. Ndivyo majirani waishivyo katika nchi hizo mbili juu ya ardhi.

Lakini ujirani mkubwa zaidi upo chini. Katika ardhi hiyo hiyo, chini ya mashamba ya ngano, malisho ya ng'ombe, makaburi ya vijiji na vibanda vya forodha, limechimbwa handaki la mviringo lenye urefu wa kilometa 27. Sehemu yake kubwa ipo Ufaransa na sehemu iliyobaki ipo Uswisi. Mwaka 1983 marais wa nchi hizo mbili, François Mitterrand wa Ufaransa na Pierre Aubert wa Uswisi, walikutana hapo kuweka jiwe la msingi, na miaka mitano baadaye wachimbaji walikamilisha duara. Leo ndani ya handaki hilo umo mtambo mkubwa kuliko yote duniani wa kugonganisha chembe za atomu. Kwa majuma machache, mara nyingi mwishoni mwa mwaka, mtambo huo huacha kazi yake ya kawaida ukapewa kazi moja ya pekee: kuyeyusha risasi kwa namna ambayo hapana mhunzi aliyepata kuiota.

KIJIJI CHENYE SHIMO

Baada ya kuvuka mpaka, barabara huingia Saint-Genis-Pouilly. Zamani kilikuwa kijiji cha wakulima na wafugaji wa jimbo la Gex, jimbo lijulikanalo Ufaransa nzima kwa jibini yake yenye mishipa ya buluu. Siku hizi kimekuwa mji mdogo wenye shule, maduka na nyumba za ghorofa, na watu wanaonunua mkate asubuhi husikika wakisema lugha nyingi. Kando ya mji huo, nyuma ya ua wa waya, yapo majengo makubwa ya kijivu ambayo mgeni angeweza kuyadhania kuwa maghala ya nafaka. Hapo ndipo mdomo wa shimo ulipo.

Mtambo ukiwa kazini hapana mtu aruhusiwaye kushuka, kwa ajili ya mionzi. Ukiwa umesimama kwa matengenezo, wageni huvalishwa kofia ngumu na kuteremshwa kwa lifti hadi mita 56 chini ya ardhi. Wafikapo, huingia katika pango lenye kimo cha jumba la ghorofa kadhaa. Humo kimeketi chombo kiitwacho ALICE. Urefu wake ni mita 26, kimo chake mita 16, upana wake mita 16, na uzito wake ni tani 10,000. Kitu cha kwanza kionekanacho ni sumaku kubwa ya chuma iliyopakwa rangi nyekundu, yenye pembe nane na milango mizito kama ya ngome. Sumaku hiyo haikununuliwa kwa ajili ya ALICE. Ni urithi wa jaribio lililotangulia, lililofanya kazi katika pango hilo hilo kuanzia mwaka 1989 hadi 2000. Waliokuja baadaye waliona hasara kukibomoa chombo kizima, wakakitwaa na kukipa kazi mpya, kama vile familia inavyokitwaa chungu cha bibi.

Ndani ya sumaku hiyo vimepangwa vyombo tabaka juu ya tabaka, mfano wa maganda ya kitunguu. Tabaka la ndani kabisa, lililotiwa upya kati ya mwaka 2019 na 2021, lina vijicho vya kieletroniki bilioni 12 na nusu vya kutazama chembe zipitapo. Nje yake lipo pipa kubwa la gesi, lenye upana wa mita 5 na urefu wa mita 5. Chembe yenye umeme ipitapo ndani ya gesi hiyo huacha nyayo, na nyayo hizo husomwa na kuandikwa na kompyuta. Kazi yote hiyo huangaliwa na watu wapatao 2,000 kutoka nchi zipatazo 40. Miongoni mwao wapo Waafrika, hususan wa vyuo vya Afrika Kusini.

UJIRANI ULIOZALIWA BAADA YA VITA

Ni vyema kukumbuka jinsi mahali hapa palivyoanza. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, Ulaya ilikuwa magofu. Wanasayansi wake wengi walikuwa wamekimbilia Marekani, na wale waliobaki hawakuwa na fedha wala vyombo. Ilikuwa vigumu kwa nchi moja peke yake kujenga mtambo mkubwa wa kuchunguza kiini cha atomu. Nchi 12 zilitia saini mkataba mwaka 1953, na mwaka 1954 zikaanzisha CERN: Ubelgiji, Denmark, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Ugiriki, Italia, Uholanzi, Norwe, Uswidi, Uswisi, Uingereza na Yugoslavia. Miongoni mwao walikuwamo waliopigana wao kwa wao miaka tisa tu iliyotangulia. Mkataba ulikataza kazi yoyote ya silaha, na uliagiza kwamba matokeo yote yachapishwe hadharani.

Mwanzoni eneo lote lilikuwa upande wa Uswisi. Nafasi ilipokuwa ndogo, Ufaransa ilikubali mwaka 1965 kutoa ardhi upande wake, na tangu hapo kituo hiki kikakaa juu ya mpaka kama mtu aketiye na mguu mmoja huku na mmoja kule. Barabara zake za ndani zina majina ya wanasayansi, kama vile Einstein na Bohr. Idadi ya wanachama imekua hata kufikia 25, wa mwisho kuingia akiwa Slovenia, mwaka 2025.

Kwa msemaji wa Kiswahili lipo jambo moja la kustaajabisha hapa. Neno letu risasi lina nyuso mbili. Ni madini ile nzito na laini ambayo mvuvi huitumia kwa chubwi na fundi huitia ndani ya betri ya gari. Na ni ile itokayo katika mtutu wa bunduki. Watu waliokuwa wakipelekeana risasi ya pili wameishia kukutana chini ya ardhi kuichunguza risasi ya kwanza.

SAFARI YA RISASI

Safari hiyo huanza na kipande kidogo mno cha risasi safi, kisichozidi urefu wa ncha ya kidole. Hutiwa katika tanuri dogo na kupashwa moto wa nyuzi 800 hivi za Sentigredi mpaka kikafuka mvuke. Matumizi yake ni miligramu mbili hivi tu kwa saa. Mwanamke akipikapo hutupa chumvi nyingi zaidi ya hiyo kwa mfinyo mmoja wa vidole.

Atomu ya risasi ina kiini chenye protoni 82 na nyutroni 126, na nje yake huzunguka elektroni 82. Umeme huzipokonya atomu hizo elektroni zao hatua kwa hatua. Mvuke hupitishwa katika mtambo ulionyooka, kisha katika duara dogo lenye mzingo wa mita 78, kisha katika duara la mita 628, kisha katika duara la kilometa 7. Kila kituo huongeza mwendo, na njiani elektroni zote huishia kuvuliwa, kikabaki kiini kitupu. Mwisho viini hivyo humwagwa katika handaki kubwa la kilometa 27, kundi moja likizunguka kuume na jingine kushoto, ndani ya mabomba yaliyoondolewa hewa yote. Sumaku kubwa 1,232 huwapindishia njia wasafiri hao. Ili sumaku hizo zipitishe umeme pasipo kupoteza kitu, hupozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Viini huvuka mpaka wa Ufaransa na Uswisi pasipo forodha, vikilizunguka duara zaidi ya mara 11,000 katika kila sekunde.

Katika pango la Saint-Genis-Pouilly njia za makundi hayo mawili hukutanishwa. Vingi hupishana. Vichache hugongana uso kwa uso. Nguvu ya mgongano mmoja haizidi sana ile ya mbu elfu moja warukao, na mtu angedhani ni kitu kidogo. Lakini nguvu hiyo yote imebanwa katika nafasi ya kiini kimoja cha atomu. Hapo joto hupanda hadi nyuzi trilioni kadhaa, yaani zaidi ya mara laki moja ya joto la katikati ya jua.

KILICHOMO NDANI YA PROTONI

Kwa nini watu wajitaabishe hivyo? Sababu ni fumbo la kale kuliko milima ya Jura. Mwaka 1964 wanafizikia wawili, Murray Gell-Mann huko Marekani na George Zweig aliyekuwa hapo CERN, kila mmoja peke yake, walipendekeza kwamba protoni na nyutroni nazo zimeundwa na chembe ndogo zaidi. Chembe hizo zimeitwa kwaki. Katika kila protoni zimo kwaki tatu, zilizoshikwa na chembe nyingine ziitwazo gluoni, jina lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya gundi.

Gundi hiyo si ya kawaida. Sumaku mbili zikitenganishwa, mvuto wake hupungua. Kwaki mbili zikitenganishwa, mvuto hubaki na nguvu zile zile, mfano wa mpira wa manati unaovutwa. Na mpira huo ukikatika, haimwachi kwaki akiwa peke yake. Nguvu ya kukatika huzaa kwaki wapya katika ncha zote mbili, nao hushikamana papo hapo. Kwa hiyo hapana mtu aliyepata kumwona kwaki mmoja amesimama pekee.

Ipo hesabu nyingine ya ajabu. Mtu akizipima kwaki tatu za protoni kwa uzito wake zenyewe, atapata sehemu moja hivi tu katika mia ya uzito wa protoni. Tisini na tisa zilizobaki zatokana na nguvu ya mwendo wa kwaki hizo na ya kule kufungamana kwao. Basi uzito wa jembe, wa gunia la mahindi, na wa mtoto mgongoni mwa mama yake, karibu wote ni uzito wa kifungo hicho. Kuuelewa ulimwengu ni lazima kukielewa kifungo, na kukielewa kifungo hapana budi kukifungua.

Katika miaka ya 1970 wanafizikia walipiga hesabu wakaona kuwa upo moto utoshao kufanya hivyo. Kama siagi iyeyukavyo kaangoni, protoni na nyutroni nazo zingeyeyuka, na kwaki na gluoni zingetembea huru kwa muda katika mchanganyiko mmoja. Mchanganyiko huo ukaitwa plazma ya kwaki na gluoni. Wataalamu huamini kwamba ulimwengu mzima, ulioanza miaka bilioni 13.8 iliyopita, ulikuwa katika hali hiyo kwa muda wa mafungu machache ya milioni ya sekunde moja, kabla haijakuwako atomu hata moja.

TONE LISILODUMU

Majaribio ya kwanza ya CERN ya kugonganisha viini vizito yalianza mwaka 1986, na ya risasi mwaka 1994. Mwezi Februari 2000 CERN ilitangaza kuwa imeona dalili za hali mpya ya maada. Mwaka huo huo mtambo wa Brookhaven, karibu na New York huko Marekani, ulianza kugonganisha viini vya dhahabu. Wataalamu wengi walitazamia kuona kitu kama gesi, chembe zikiruka ovyo pasipo kujaliana. Mwezi Aprili 2005 watu wa Brookhaven walitoa habari iliyowashangaza wenzao: kilichoonekana hakikuwa gesi bali kimiminika, tena chenye mnato mdogo kuliko kimiminika chochote kijulikanacho, kwa kadiri kanuni za maumbile zinavyoruhusu mnato kupungua.

Walijuaje? Viini viwili visipogongana katikati kabisa, sehemu inayopishana huwa na umbo la kokwa ya embe: nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Kama ni gesi ya chembe zisizojaliana, chembe zingetawanyika sawasawa pande zote. Kama ni kimiminika, shinikizo husukuma zaidi kuelekea upande mwembamba, na chembe hutoka nyingi zaidi upande huo. Ndivyo ilivyoonekana. Na mwezi Novemba 2010, risasi ilipogonganishwa kwa mara ya kwanza katika mtambo mkubwa wa CERN, ALICE ikaona mwendo ule ule kwa joto kubwa zaidi.

Dalili nyingine ni ya kuzimwa. Mara nyingine katika mgongano kwaki mbili hurushwa kwa kishindo, moja huku na nyingine kule, na kila moja huzaa mruko wa chembe. Miruko hiyo miwili yapasa kulingana. Katika migongano ya risasi mmoja huonekana kamili na wa pili umedhoofika au umekaribia kutoweka, kama jiwe lililotupwa katika uji mzito. Umepita ndani ya tone na nguvu zake zimenywewa. Wenzao wa ALICE wa jaribio la ATLAS, lililoko upande wa Uswisi wa duara hilo, waliitangaza habari hiyo mwezi huo huo wa Novemba 2010.

Tone lenyewe halionekani kwa jicho lolote. Huishi kwa muda mfupi kiasi kwamba mwanga, ukimbiao kuliko vyote, haupati nafasi ya kuvuka hata atomu moja. Kisha hupoa, kwaki hushikana upya, na zaidi ya chembe 20,000 zenye umeme hutawanyika katika mgongano mmoja mkali. Wataalamu huyasoma majivu wapate kuujua moto. Mwaka 2023 peke yake ALICE iliandika migongano bilioni 12 ya namna hiyo, mara 40 ya yote iliyoandika kuanzia mwaka 2010 hadi 2018. Mwezi Julai 2025 viini vyepesi vya oksijeni na neoni navyo viligonganishwa, kwa nia ya kujua tone laweza kuwa dogo kiasi gani na bado likatiririka.

DHAHABU ISIYOUZIKA

Mwezi Mei 2025 lilitokea jambo lililowachekesha wengi. Karne nyingi zilizopita wapo watu wa Ulaya na Uarabuni waliomaliza maisha yao wakitafuta dawa ya kugeuza risasi kuwa dhahabu. Hawakufanikiwa, kwa kuwa moto wa jiko haugusi kiini cha atomu. Wana-ALICE walitangaza kwamba mtambo wao hufanya hivyo pasipo kukusudia. Viini viwili vya risasi vikipishana karibu sana bila kugongana, umeme wake mkali waweza kung'oa protoni. Ikitoka moja, risasi huwa thali. Zikitoka mbili, huwa zebaki. Zikitoka tatu, zinabaki 79, nayo ni dhahabu.

Walihesabu kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 vilizaliwa viini bilioni 86 vya dhahabu. Idadi hiyo yatisha masikioni, lakini uzito wake wote ni trilioni moja ya gramu mara 29. Haitoshi kuonekana kwa jicho tupu, seuze kutengenezea pete. Tena kila kiini huvunjika karibu papo hapo. Faida yake ni kwa mafundi wa mtambo, ambao huitumia hesabu hiyo kujua ni risasi kiasi gani hupotea njiani.

MTI ULIOANGUKA NA VITA VYA MBALI

Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama gharama hii ni halali. Bajeti ya CERN hupita faranga bilioni moja za Uswisi kwa mwaka, na umeme wake ungetosha mji mzima. Wenyewe hujibu kwamba fedha hizo hugawanywa kwa wanachama wote. Kwamba mfumo wa kurasa za mtandao, utumiwao leo na dunia nzima, ulibuniwa hapo mwaka 1989 na kutolewa bure. Na kwamba vijicho vya ALICE vimeanza kujaribiwa katika vyombo vya kuwasaidia madaktari wanaotibu saratani. Majibu hayo ni ya kweli, ijapokuwa hayakuwa sababu ya kuanza kazi.

Lakini mtambo huu haukukingwa na mambo ya dunia. Mwezi Aprili 2016 mnyama mdogo afananaye na kicheche aliingia penye transfoma, akatafuna, akafa, na duara lote la kilometa 27 likasimama. Mwezi Julai 2023 mti ulianguka juu ya nyaya za umeme nchini Uswisi, mbali na handaki. Kutikisika huko kwa umeme kulileta ufa mdogo penye heliamu, na matengenezo yakachukua majuma kadhaa. Hayo ni ya kuvumilika.

Yaliyotokana na binadamu yalikuwa mazito zaidi. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, bei ya umeme katika Ulaya ilipanda mno. CERN ilifunga kazi ya mwaka huo majuma mawili kabla ya wakati ili kuwaachia wananchi umeme wa majira ya baridi, na migongano ya risasi iliyokuwa imepangwa ikaahirishwa hadi mwaka uliofuata. Kisha nchi wanachama zikaamua kwamba mapatano na Urusi yasiendelezwe, nayo yakakoma tarehe 30 Novemba 2024. Mamia ya wanasayansi wa vyuo vya Urusi, wengine wakiwa wameifanya kazi hiyo ujana wao wote, walifungasha vitabu vyao.

Alama yao imebaki pangoni. Chombo kimojawapo cha ALICE kitumikacho kupima mwanga utokao katika tone, na hivyo kujua joto lake, kimejaa fuwele nzito zenye risasi ndani yake, zilizotengenezwa Urusi. Chombo ambacho mafundi wa nchi hiyo walikijenga kimebaki mahali pake. Majirani waliokijenga hawapo. Wapo wasemao kwamba uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa nchi iliyovamiwa ni mshirika wa kituo hicho hicho. Wapo wasemao kwamba mahali palipoanzishwa kuwapatanisha maadui hapakupaswa kufunga mlango. Maneno hayo mawili huzungumzwa katika mkahawa mmoja, juu ya meza moja, na hayajapata mshindi.

MLANGO ULIO WAZI

Milango mingine imefunguliwa. Mwaka 2016 Shule ya Afrika ya Fizikia, ambayo wanasayansi wa CERN ni miongoni mwa waalimu wake, ilifanyika Kigali, Rwanda, na vijana wa nchi nyingi za bara letu walikutana hapo kujifunza mambo ya chembe na ya kompyuta. Mwaka 2018 ikafunguliwa katika mji huo huo Taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa misingi ya sayansi. Kwa kuwa matokeo ya CERN huchapishwa wazi, kijana aliyeko Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, mradi ana hesabu ya kutosha na mtandao usiokatika, aweza kusoma yale yale asomayo mwenzake wa Geneva.

Mtambo ulipangiwa kusimama kwa matengenezo makubwa kuanzia mwaka 2026, na wana-ALICE wamependekeza chombo kipya kabisa kwa ajili ya miaka ya 2030. Wengi watakaokitumia wangali shuleni.

Jioni, kazi inapokwisha, barabara ya Saint-Genis-Pouilly hujaa magari yatokayo Uswisi. Ng'ombe wa Jura hurudishwa zizini na taa za nyumba huwashwa, pande zote mbili za mpaka. Abiria wachache husubiri tramu nambari 18 irudi mjini: mwanafunzi na kompyuta yake, fundi mwenye kofia ngumu mkononi, mama na kikapu cha jibini. Chini ya miguu yao umo mtambo uliojengwa ili kujua ni kitu gani huzishika pamoja chembe tatu za protoni, hata tukapata uzito. Kuhusu kile kinachowashika majirani pamoja, na kile kinachowatenganisha, mahali hapo hapana chombo cha kupima. Wakazi wake wamelazimika kujifunza kama watu wengine wote.